Kuapa kwamba Chantal Amekufa

Jumatatu, 6 Februari 2012
Nimechoka. Tumeitwa tena ofisini Base Camp, makao ya kambi yetu ya wakimbizi. Faili yetu ya kwenda Amerika iko sawa, ila fasi moja, mahali pa jina la Uwera. Si mtoto wa tumbo langu, ni wa mdogo wangu Chantal. Wanataka kiapo kwamba mama yake amekufa na mimi ndiye mlezi. Bila hicho sisi tunaenda, mtoto anabaki. Karani amelisema hilo kama mtu anayeomba chumvi.

Chantal! Tulipokimbia kule milimani, watu walitawanyika mtoni. Nilivuka na Uwera mgongoni. Mama yake sikumwona tena. Wala maiti sikuiona.

Jumanne, 7 Februari
Mume wangu Rwakabuba hana shaka. Anasema Chantal angekuwa hai angetuma hata salamu, miaka yote hii. Nimeenda kwa mchungaji Gervais. Ameniombea, akaniambia wakili mwenye muhuri wa viapo ndiye atakayechunguza, ni kazi yake kujua kweli. Nikatulia kidogo. Kwetu Kongo notere, mwenye kuthibitisha hati, alikuwa mtu mkubwa. Akigonga muhuri, jambo limekuwa kweli.

Alhamisi, 9 Februari — Mbarara
Vumbi mpaka kooni. Uwera amekuja nami. Ofisi ya viapo iko juu ya duka la dawa za ng'ombe. Avoka, huyo wakili mwenye muhuri, ni mama mtu mzima, Mnyankore, Kiswahili chake cha kambi ya jeshi. Karatasi ya kuapa kwamba Chantal amekufa alishaiandaa. Nikamuuliza kifo cha Chantal atakichunguza namna gani. Akavua miwani.

"Mama, mimi hapana chunguza kufa. Mimi naona wewe, naona kitambulisho yako, nasikia wewe naapa. Muhuri yangu nasema hiyo tu. Ile kweli ni yako."

Kumbe! Nilidhani nimempelekea mzigo mtu mwenye nguvu. Amenirudishia. Na mwenye kuapa uongo, akaongeza, anafungwa. Nimeomba nifikiri kwanza. Amekubali, turudi Jumatatu.

Ijumaa, 10 Februari
Rwakabuba amekasirika kwamba sikuapa. Nimepalilia maharagwe peke yangu.

Jumatatu, 13 Februari — Mbarara tena
Naandika kwenye benchi, mlangoni kwa avoka.

Nilimuuliza kama mtu anaweza kuapa yale anayoyajua tu. Akasema ndivyo inavyopaswa. Ameandika karatasi ya pili: kwamba tangu siku ya mto sijamwona Chantal, nimeulizia kwa kila aliyetoka kule, sijui kama yuko hai, na mtoto nimemlea mimi. Lakini hakunificha. Ofisi inaweza kuikataa, Uwera akaachwa. Kisha ametoka kwenda kula, ametuachia karatasi zote mbili.

Uwera amezisoma. Kiingereza anakijua kunishinda. Akaniuliza, ya pili ikikataliwa, nitamwacha? Nikasema hapana, tutabaki wote, hata Rwakabuba akasirike. Limenitoka tu. Sasa naogopa. Watoto wangu wale wadogo wameshaanza kuaga wenzao hapo Misiera, kijijini kwetu kambini — Rwakabuba ameshauza ng'ombe.

Uwera alizipanga karatasi mbili magotini. Halafu akasema, "Mama, ile ya kwanza usiweke mukono. Mimi siwezi kumuzika kwa karatasi."

Nikatoa daftari hili. 

Avoka anapanda ngazi. Ametuita. Uwera ameshasimama na karatasi ya pili, ile ya kwanza ameiacha hapa kando yangu.

Mimi bado nimekaa.