Mchango Uliouita Kasoro

Nyumbani, ghorofa ya pili,
Jumapili mchana, 8 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, Fundi Bomoa,

Hujambo huko? Unakula, au bado unaishi kwa chai na biskuti? Sisi wazima. Mama goti linamsumbua, ila mdomo uko salama kabisa. Jana kamfukuza muuza mapazia hadi barabarani.

Nimepata ujumbe wako kwamba wasimamizi wamekurudishia tasnifu na swali moja, mchango wako mpya kwenye elimu ni upi, na kwamba unafunga mizigo uache masomo. Pole sana, mdogo wangu. Najua linavyouma. Mimi ninayefundisha mambo hayo hayo ya jinsi watu wanavyotumia kompyuta niliulizwa hivyo hivyo, nikaenda kulia chooni. Lakini kufunga mizigo, thubutu! Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Nimeisoma yote. Nikwambie ukweli? Sura nne nzima unasifia ile skrini yako ya kuchukulia namba ya foleni kwenye dirisha la dawa hospitalini, mara rangi, mara vitufe. Skrini zimejaa duniani, bwana! Huo si mchango, hilo ni tangazo la biashara.

Halafu mwishoni kabisa, chini ya "Kasoro", unaomba radhi eti wagonjwa wanaojua kusoma vizuri tu hawakubonyeza wenyewe. Walimwomba mwingine, au waliondoka. Ukaigeuza skrini upande, foleni isiione, wakabonyeza. Kumbe hawakushindwa kuitumia; waliogopa kukosea mbele za watu. We Bomoa, mchango si ndio huo! Sisi wa fani hii tunapima jicho na kidole, aibu hatuipimi. Utoe huko nyuma uuweke sura ya kwanza, skrini ibaki chombo tu cha kuuonyesha.

Kurasa hizo nimemsomea mama leo akikunja nguo. Unakumbuka nilikuandikia kwamba alirudi kutoka hospitali bila dawa ya goti, akasema dirisha limefungwa? Aliliweka shati chini. Kisha akasema dirisha lilikuwa wazi, ila mashine ya namba ilikuwa mbele ya foleni na watu wote wanamtazama yeye.

Nimekaa naye kitandani, tumeshikana mikono kama wajinga.

Shemeji yako anakusalimu, na mjomba pia, redio yake uliyoibomoa bado haijapona. Mungu akutie nguvu na akupe usingizi.

Mama anasema umalize kwanza, ndipo uje uigeuze na mashine ya hospitali ya kwetu.

Mimi dada yako, nikupendaye na ubomoaji wako wote.