Kwa Lieven: Kichaka Chako Bado Kinanukia

Mwaka umetimia tangu ututoke, Lieven, na Jumapili tulipotoka kwenye misa yako tulisimama bustanini tukigombana. Mimi nilikuwa na koleo mkononi. Mama yako alikuwa amesimama mbele ya kichaka chako, bado amevaa viatu vyake vya kanisani, na maneno yake yalikuwa haya: “Mwanangu ulimzika, Veerle. Sasa unataka kumng'oa.”

Ungekuwepo ungekwenda zako gereji ukajifanya unatafuta spana.

Lakini tuanze na wewe, maana siku ni yako. Maisha yako yote ya kazi ulitengeneza mitambo ya kupasha joto nyumba za watu, na nyumba yako mwenyewe ilikuwa baridi kama friji. Kila Januari ikielekea kwisha ulifungua dirisha la jikoni, theluji iwepo isiwepo, ili harufu ya kichaka chako, kinachochanua katikati ya baridi, iingie. Mimi nafunga, wewe unafungua. Nikikuita fundi wa joto asiyejua joto, unajibu, “Vaa sweta, Veerle. Ni majuma machache tu,” kisha unakunywa kahawa yako ukiwa na koti.

Mtu akipiga simu siku ya Krismasi kwamba mtambo wake umezimika, ulikwenda. Ulirudi na masizi usoni na soseji ya watu mfukoni, na hukuona ajabu yoyote.

Sikukuu ya mishumaa, tarehe mbili Februari, kila nyumba hapa hula chapati za maji. Kwetu hakuna aliyegusa chapati kabla hujampitishia puani kijiti chenye maua. Binti yetu Hanne alipokuwa mdogo alikunja uso akasema kinanuka kama chungwa lililosahaulika kwenye mkoba wa shule. Ulicheka mpaka ukaunguza chapati, na tangu siku hiyo kichaka kikaitwa Mkoba.

Ulikibebesha mwenyewe mwaka aliozaliwa Hanne, vichaka viwili ukaviunga kuwa kimoja: kijiti cha maua ya rangi ya shaba juu, shina la kichaka cha mwituni chini. Maua yake ni kama nyuzi za utepe. Baridi ikizidi yanajikunja, jua likitoka yanajikunjua, na wewe ulikuwa unatoka nje na kikombe chako kuyatazama kama mtu anayeangalia mpira.

Shina la chini hukulitaka lichipue, lisije likakimeza kijiti cha juu. Kila Agosti ulipiga magoti, ukafukua mchanga, ukayang'oa machipukizi yake kwa mkono. Kukata ulikataa, kwa sababu yakikatwa yanarudi mawili. Ulikuwa unayasemesha: “Rudi kulala, mzee wa chini. Mpangaji wako hajakukosea kitu.”

Majira mawili ya mwisho ya joto magoti hayakukubali, kisha ugonjwa ukakulaza kabisa. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kugusa kitu chako. Miwani yako ipo palepale juu ya redio. Na mzee wa chini, kwa kukosa wa kumsemesha, akapanda.

Novemba kichaka kikachanua. Maua madogo ya njano, majani yakiwa bado hayajapukutika. Lilikuwa juma la siku ya kuzaliwa ya mama yako, ya kwanza bila simu yako ya asubuhi, ile uliyokuwa unaimba vibaya makusudi. Mama aliyaona maua, akawaambia mtaa mzima, na mwoka mikate, na padri: “Lieven kanipigia.” Mimi na Hanne tulijua ni shina la mwituni, ambalo huchanua wakati huo. Hata mimi, na mdomo wangu unaujua, nilimwachia imani yake hiyo.

Jumapili sikuweza tena. Maua ya shaba yalikuwa kwenye tawi moja tu, lile la upande wa ukuta. Kwingine kote ni fito tupu za mwituni, nene kama kidole gumba. Nilisema zitolewe leo, au mwakani hatutapata hata ua la kunusa. Ndipo mama akasimama pale na kuniambia nataka kukung'oa.

“Mama,” nikamwambia, “huyo si Lieven. Huyo ndiye Lieven aliyekuwa anapigana naye kila Agosti.”

Akanitazama. “Kwa hiyo Novemba hakuwa yeye.”

Hanne ndiye aliyesogea, akavunja kijiti kwenye tawi la ukutani, akakiweka chini ya pua ya mama kama ulivyokuwa unafanya.

“Bibi, nusa kwanza,” alisema. “Ukimaliza utaendelea kugombana.”

Mama akanusa. Alimshika Hanne kifundo cha mkono ili asikiondoe, akanusa tena, macho kayafumba.

“Ni yeye huyu,” akasema. Kisha, baada ya kujifuta pua, “Lakini na yule wa Novemba alikuja. Mnataka kumtupa?”

Nilisema hatuwezi kuwaacha wote wawili shimo moja, mmoja atammaliza mwenzake.

“Basi nipeni mimi,” alisema mama. “Mzee kwa mzee tutaelewana.”

Hatukungoja hata kubadilisha nguo. Mimi nilifukua, Hanne akavuta, na fito ziling'oka moja moja kwa sauti ile unayoijua, kama mtu anachana kitambaa. Iliyotoka na mizizi mingi tuliifunga kwenye gunia lililoloweshwa maji, tukavuka nayo barabara, watu watatu wenye nguo za kanisani na matope hadi kwenye soksi. Tuliipanda chini ya dirisha la jikoni la mama. Alikanyagia mchanga mwenyewe, akainama na kuiambia, “Haya, kalale. Tutaonana Novemba.”

Tuliporudi, ndugu yako Staf alikuwa amekwishaanza kula chapati za sikukuu ya mishumaa bila kunusa. Mama alimnyang'anya sahani.

Nyumba ilikuwa imepata joto zuri. Nilivaa sweta lako, nikafungua dirisha.

Wanaokukumbuka kwa upendo: mama yako Irma, mke wako Veerle, binti yako Hanne, na ndugu yako Staf, ambaye safari hii alinusa mara mbili.

Februari kwetu, Novemba kwa mama: tutakukumbuka daima, Lieven.