Kromu Kwenye Hesi za Lyle

Jumatatu, 14 Machi 2011

Darryl Hocking amekuja asubuhi na kitu amekifunga kwenye taulo la ufukweni. Akakilaza mezani taratibu, kama mtu aliyeleta mtoto kwa daktari. Uma wa mbele wa pikipiki ya Lyle, marehemu kaka yake, tuliyemchoma maiti Januari. Unang'aa! Ningeweza kunyolea ndevu ndani yake.

Alitaka kumheshimu marehemu. Kwa hiyo alifungua uma wote na kuupeleka Sydney ukapakwe kromu, bila kumwambia mjane, Noelene. Kila kipande. Hata hesi za mhimili wa usukani — zile nyuzi ambazo nati huzipanda ili uma na gurudumu la mbele vikae mahali pake. Hakuna aliyeziziba kabla ya kupaka. Kromu ikazinenepesha, nati ikakataa, naye akaleta spana na bomba la mita moja. Amefanya kazi miaka thelathini kwenye tanuri za chuma za Port Kembla. Kwake kitu kinachokataa ni kitu ambacho hakijasukumwa vya kutosha.

Nati ilipanda mizunguko mitatu na kung'oa kila ilichokutana nacho.

"Mzee Gus, Jumapili tunampeleka Lyle baharini," akasema. "Noelene mwenyewe ndiye ataiendesha. Akijua nilichofanya, atanimwaga mimi, na majivu atarudi nayo nyumbani."

Nimemwambia aache uma, aondoke na bomba.

Jumanne, 15 Machi

Hesabu, kwa ajili yangu mwenyewe. Shaba, nikeli na kromu juu yake: sehemu nne za mia za milimita, basi. Lakini kwenye hesi unene huo huzidi mara nne, kwa sababu mbavu za uzi zimelala kiubavu. Darryl angeweza kuniuliza kwa simu. Watu wa hapa hupiga simu kuuliza matokeo ya mbio za farasi.

Nimefunga mhimili kwenye mashine ya kukereza na kuanza kuondoa kromu, kikataji kikifuata njia ileile aliyopita Lyle alipozikata. Polepole. Hesi ishirini na sita kwa inchi, za mfumo wa zamani wa Waingereza. Nilimfundisha mimi, hapa hapa Unanderra, mwaka 1979. Alikuwa na haraka kwenye mkato wa mwisho, kila mara. Kilele cha uzi kinabaki na vinyweleo. Nilimgombeza. Akasema pikipiki haisomi maikromita.

Namtambua kwa hesi zake kama wengine wanavyomtambua mtu kwa mwandiko. Ajabu — sina barua hata moja yake. Sina barua ya mtu yeyote siku hizi. Dada yangu wa Budapest alikuwa wa mwisho kuandika, na tangu 1994 hata yeye kanyamaza, kwa sababu nzuri kabisa ya kufa.

Jumatano, 16 Machi

Hesi zimekubali. Zilizobaki nimezisafisha moja moja kwa tupa ya pembe tatu. Nati inapanda kwa vidole. Nilijisifu. Nikajikaangia soseji kwa paprika, nikafungua chupa ya pombe ya plamu saa sita mchana kama waziri.

Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya kwanza. Nikapaka ile rangi nyekundu inayopenya kwenye nyufa, nikafuta, nikanyunyiza unga mweupe, nikasubiri. Ukatokea mstari. Mwembamba kama unywele, kwenye bonde la uzi wa tatu, umezunguka robo ya mhimili.

Mhimili huu Lyle aliukata kutoka ekseli ya lori, chuma kigumu. Chuma kama hicho kikizamishwa kwenye asidi ya wapaka kromu lazima kiokwe kwenye tanuri mara kinapotoka. La sivyo kinakauka kama biskuti. Hakikuokwa. Halafu likaja bomba.

Nimetengeneza vizuri sana hesi za mhimili uliokufa.

Alhamisi, 17 Machi

Nimemwita Darryl, nimemwonyesha. Akavaa miwani yangu, akatazama muda mrefu. Akauliza kama mstari hauwezi kujazwa kwa kuchomelea. Hauwezi. Akauliza kama utahimili safari moja tu, kilomita hamsini hadi Gerringong, mwendo wa mazishi. Nikamwuliza ni nani kati yetu atakayempandisha Noelene juu yake ili kujua jibu. Akavua miwani.

Tumekubaliana: nakata mhimili mpya. Ana ombi moja, Noelene asiambiwe. Ana sababu, na sababu yenyewe si ujinga. Katika chama chao cha waendesha pikipiki, pikipiki ya marehemu hutangulia, na anayeiendesha hutoka nyumbani kwake. Noelene amekwisha kuwaambia wote kwamba atashika usukani ambao Lyle aliukata kwa mkono wake. Ameshonesha na koti.

Desturi ya karakana nilijifunza kwenye viwanda vya Csepel, Budapest, nikiwa na miaka kumi na tano: kipande kilichohukumiwa hukatwa vipande viwili siku hiyohiyo, kisije kikamdanganya mtu. Nimeufunga mhimili wa Lyle kwenye jiliwa. Nimeshika msumeno.

Nimeufungua tena, nikauweka kwenye droo. Kesho.

Ijumaa, 18 Machi

Mpya umekwisha. Mzuri kuliko wake. Sikukata ule mwingine.

Jumamosi, 19 Machi

Noelene amekuja saa nne, hakualikwa. Ameleta keki ya nazi. Darryl alikuwa amepiga magoti anafunga taa ya pikipiki, aliyoileta asubuhi. Alibaki amepiga magoti.

Noelene alitazama kromu yote, akasema Lyle angecheka hadi akohoe. Kisha akauona mhimili mpya mezani, bado haujaingia, akauokota. Akapitisha kidole gumba juu ya hesi. Mara moja, mara mbili.

"Gus, huyu si Lyle," akasema. "Hesi za Lyle zilikuwa zinanichana vidole. Miaka thelathini namfulia matambara yaliyojaa vinyweleo vya chuma chake."

Nilikuwa na sentensi tayari. Niliitunga tangu Alhamisi, kwa Kiingereza safi. Badala yake nikafungua droo.

Nikamweleza yote: asidi, tanuri, ufa, kwamba ukikatika barabarani gurudumu linakwenda kwake na yeye anakwenda kwake. Darryl akasema ni yeye, kromu ni yeye, bomba ni yeye. Noelene hakumtazama.

"Shemeji, nenda kavute sigara."

Akaenda. Havuti tangu 1998.

Akaniuliza ufa una urefu gani. Nikasema milimita kumi na tisa. Akaniuliza utakatika lini. Nikasema chuma hakisemi. Inaweza kuwa mtaa wa pili, inaweza kuwa mwakani. Akasema madaktari wa Lyle walimwambia maneno hayohayo, ila wao walikuwa na makoti meupe, na Lyle aliishi miezi kumi na minne zaidi ya walivyobashiri.

Nikasema Lyle hakuwa na hesi. Jibu la kipumbavu. Alitabasamu kidogo.

Akaomba aachwe peke yake mezani na mihimili yote miwili, na nati, dakika kumi. Nami nikaenda. Mzee wa miaka sabini na mmoja, nimetolewa kwenye karakana yangu mwenyewe!

Niko chumba cha nyuma. Keki iko hapa, nzima. Mlango nimeuacha wazi kidogo.

Mhimili mpya hauna sauti. Nati huteleza tu. Wa Lyle hugonga kidogo kila mzunguko, pale tupa ilipogusa, tik, kama saa ya mfukoni.

Sasa hivi ameanza kuzungusha.

Tik.

Darryl yupo uani, mikono mfukoni, ananitazama kupitia dirisha. Anasubiri nifanye kitu. Tik. Naandika haya badala ya kuinuka —