Raketi Imefaulu, Mdogo Wangu

Mdogo wangu mpendwa,

Kosa wanalofanya wengi wanaponunua raketi ya nguvu ni kuijaribu wakiwa bado wana nguvu. Naanza na hilo kabla hata sijakujulia hali, nawe utasema dada hajaacha ualimu. Kweli sijauacha. Ila leo sifundishi kwa kupenda kusikika, leo natapatapa.

Sasa nikusalimu. Hujambo? Presha imetulia? Na wifi yangu, mgongo wake unaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, magoti tu ndiyo hunikumbusha umri nikipanda ngazi za klabu, lakini moyo wangu hauna pa kukaa. Tangu jana uliponiambia niseme ya raketi tu na ya mwanao nikuachie mwenyewe, kisha ukakata simu, nimekupigia mpaka nimeona haya. Ndiyo sababu namkabidhi wifi barua hii aitie mkononi mwako. Ukitaka kuichana, ichane, ila uisome kwanza hadi mwisho. Fainali ni kesho, na uliniuliza swali moja: binti yetu aingie uwanjani na raketi hii mpya, au asiingie nayo?

Nikueleze kwanza nilivyoipima, usije ukasema nimeamua kwa huruma za kike. Unaijua kazi yangu hii ya uzeeni. Duka la klabu likiletewa raketi ya padeli, huu mchezo wetu wa tenisi ya ndani ya kuta za vioo, mimi huizungushia utepe mweusi ili nembo na rangi zisionekane, kwa sababu mtu akiona raketi imefanana na ya bingwa, huanza kucheza kwa macho. Kisha nawapa wachezaji, nakaa nyuma ya kioo, natazama.

Hii ina umbo la almasi, na uzito wake umehamia juu, karibu na ncha. Chukua nyundo, ishike mwisho wa mpini, kisha igeuze uishike kwa kichwa chake. Utanielewa mara moja. Uzito ukiwa mbali na mkono, pigo huwa kubwa, lakini kuligeuza na kulizuia ni kazi ya mkono. Uso wake ni wa kaboni, na povu la ndani ni gumu, halibonyei ovyo. Mpira ukigongwa kwa nguvu hutoka kama umetumwa. Lakini kumbuka kanuni niliyokuwa nikiwaimbia wanafunzi wangu wa fizikia: mshindo haupotei. Kile ambacho raketi haikimezi, kiwiko kitakimeza.

Wa kwanza kuishika alikuwa yule mchomeleaji vyuma tunayemwita Nyundo. Alipiga smashi, lile pigo la kushusha kutoka juu ya kichwa, mpira ukaruka juu ya kioo ukaangukia kwenye maegesho ya magari, akasema siku akifa azikwe na raketi hiyo. Akafuata fundi cherehani, yule Mzee wa Kona anayecheza kwa kujihami tu. Yeye alilalamika kwamba raketi haina msamaha: ukiukosa ule mduara mdogo wa katikati, mpira unatoka umelowa kama kuku wa mvua. Nyundo akamshauri aende nyumbani akachukue kikaango cha mkewe, ndicho kinachomfaa. Mzee wa Kona akamjibu kwamba kwa jinsi anavyomfunga kila wakikutana, hata hicho kikaango kitamtosha. Tulicheka mpaka mfagiaji wa uwanja akaja kuuliza kuna nini.

Baada ya kicheko niliwakimbiza. Hapo ndipo kipimo changu kilipo. Nawachosha mpaka pumzi iwe fupi, halafu nawarudishia raketi ileile, na safari hii sitaki smashi. Nataka wautoe mpira unaorudi kutoka kioo cha nyuma, chini, mkono ukiwa hauna hamu tena. Nyundo alichoka lakini mkono wake haukutetereka. Basi nikajua. Kwa mchezaji aliyekomaa, anayewahi mpira na kuugonga katikati, mwenye mkono mzima, sijawahi kupima raketi ya nguvu iliyo bora kuliko hii.

Kisha akaingia binti yetu. Wewe mwenyewe ulikuwepo, ulisimama pale kwenye mlango wa uwanja ukipiga makofi. Uliona smashi zake, ukamwambia Nyundo kwamba huyo hakuzaliwa, alifuliwa kama chuma. Ukaondoka kifua mbele kwenda kumtafuta mratibu wa mashindano. Mdogo wangu, uliondoka kabla ya kipimo.

Nilimchosha kama nilivyowachosha wenzake. Mpira wa kwanza kutoka kwenye kioo, raketi ilimgeuka mkononi kama mlango uliolegea bawaba. Nikadhani ni jasho. Wa pili, vilevile. Akacheka, akasema leo raketi ina kiburi. Alipokuja kukaa kwenye benchi alininyooshea chupa ya maji akaniomba nimfungulie, akisema kizibo hicho lazima kilikazwa na fundi bomba. Nami nilicheka. Kilifunguka kwa vidole vyangu viwili vya kizee. Nilipoinua macho niliona jinsi alivyoizungusha ile kamba ya mpini kwenye kifundo cha mkono, imekazwa hadi imechimba ngozi. Hakuwa ameishika raketi. Alikuwa ameifunga.

Nilimuuliza taratibu, akaanza kwa mzaha, akamaliza kwa machozi. Kidole chake cha mwisho na kinachokifuata vimekufa ganzi. Kitana kinamponyoka. Siku hizi havai shati la vifungo, nasi tulidhani ni mitindo. Alikwenda hospitali bila kumwambia mtu, na daktari akamweleza kwamba mshipa wa fahamu unaopita kiwikoni umebanwa: akipumzika sasa, kuna tumaini la kurudi, akiendelea kuutwanga, huenda mkono usirudi kamwe. Huyu ni mtoto anayesomea udaktari wa meno. Atang'oa meno ya watu kwa mkono upi?

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nilipokwama tangu jana. Hakuniomba nimsaidie kujitoa. Aliniomba nikuandikie kwamba raketi imefeli, nisingizie ina ufa wa ndani, ili umrudishie ile yake ya zamani iliyo laini, aimalize fainali nayo bila wewe kujua. Nilimuuliza kwa nini asikwambie. Akasema maumivu anayaweza. Asichokiweza ni kuuona uso wako ukianguka. Akanitajia ule msemo wako, kwamba mguu ukiuma cheza kwa mkono, mkono ukiuma cheza kwa moyo. Msemo mzuri, mdogo wangu, ila mishipa haisikii misemo. Akaniapisha nisiseme. Nami, kwa kumhurumia, nikaapa.

Asubuhi hii nilikaa kuiandika barua aliyoitaka. Nikaandika kwamba raketi ina ufa. Kalamu ikagoma, si kwa sababu uongo ni mzito kwangu, bali kwa sababu haumwokoi. Ile ya zamani nayo itaugonga mshipa uleule, polepole zaidi tu. Nikaichana.

Basi kiapo nimekivunja. Raketi imefaulu. Kilichoshindwa ni mkono wa mwanao, na umeshindwa kwa kutupendeza sisi. Asiingie na hii, wala na ile ya zamani, wala na nyingine yoyote. Usimgombeze. Hasira nitupie mimi, nimezoea kuzibeba zako tangu ulipokuwa unatambaa. Najua akigundua kwamba nimesema, mlango wake atanifungia. Shangazi gani huyu, atasema, asiyetunza siri? Na anichukie. Mtoto akinichukia, na anichukie akiwa na vidole vyake.

Mshukuru wifi kwa kunibebea barua hii. Hajui kilichomo, naye ana haki ya kujua, lakini akisikie kutoka kwako. Wasalimie wote hapo nyumbani. Ukiisha kusoma, sikulazimishi uniamini mimi wala daktari. Kipimo unacho humo nyumbani mwako.

Leo, akirudi, usimtajie raketi: mpe chupa ya maji ambayo haijafunguliwa, mwombe akufungulie kwa mkono wa kulia, kisha nyamaza umtazame vidole.

Ni mimi,
Dada yako