Watu wa Gemu Yangu Hawasindikizi Wageni

Jumamosi, mwezi wa nane.

Asubuhi kulikuwa na jua kali, mchana joto la kunata, na ilipofika saa tisa mawingu yakaanza kukusanyika upande wa msituni kama yafanyavyo karibu kila siku hapa Kakamega. Sasa mvua inapiga mabati na mimi nimelowa hadi soksi. Moyo wangu haujatulia. Naandika ili utulie.

Leo nusura nimwache senje, shangazi yangu, arudi kwake na jambo lililomleta kwangu. Jambo lenyewe ni jicho lake. Na kilichotaka kunifanya nimwache ni gemu.

Nyinyi wasomaji wangu tisa mnajua kwamba tangu mwezi wa kwanza ninatengeneza gemu yangu ya kwanza. Siku za wiki niko saibani, kwenye duka la kompyuta, nikichapia watu fomu zao, na muda unaobaki wote unaliwa na kompyuta yangu na masomo ya bure ya mtandaoni. Ni gemu ya kuigiza, ile ambayo mchezaji anakuwa mtu fulani, anazunguka vijijini, anaongea na watu, anatumwa huku na kule, na polepole anapata nguvu na maarifa. Mtu wangu anaitwa Makokha. Ni mrina asali ambaye nyuki wake wamehama, na anapita nyumba hadi nyumba akiuliza kama kuna aliyewaona wakipita.

Hadi sasa nina kijiji kimoja. Nyumba saba, watu kumi na mmoja, kisima, na ng'ombe ambaye kwa wiki mbili nzima alikuwa akitembea juu ya paa na sikujua kwa nini. Nilipofanikiwa kumshusha nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Senje ni dada wa baba yangu. Ni fundi cherehani kule Ekero, anashona sare za shule na majoho ya kwaya. Miaka yangu minne ya sekondari nililala kwake, na suruali yangu ya kwanza ndefu aliishona yeye. Ameniruhusu niandike haya mradi nisitaje jina lake wala la duka lake. Alisema wateja wake hata hawasomi mambo ya mtandao, wanasoma tu kadi za mazishi.

Alifika leo karibu saa sita bila kupiga simu, na mahindi mabichi na ndizi kwenye mkoba. Nilimwambia akae nipike. Alinitazama nikikoroga sufuria mara mbili, akaninyang'anya mwiko, obusuma, ugali wetu, akaupika mwenyewe. Tulikula na mboga ya mrenda. Tuliongea habari za mvua, mahindi, mchungaji mpya na sauti yake ndogo.

Nitakiri kitu. Wakati wote huo sikuwa nasikiliza vizuri. Nilikuwa natafuta nafasi ya kumkalisha mbele ya kompyuta.

Hakuna mtu mwingine ambaye amewahi kucheza gemu yangu. Hakuna. Miezi minane nimekuwa nikimwendesha Makokha peke yangu katika kijiji nilichokichora mwenyewe, nikijua kila atakachoambiwa. Nilikuwa na njaa ya kuona mtu mwingine akiingia mle ndani, hata kama ni mtu anayewasha redio kwa kuipiga kofi. Kwa hiyo tulipomaliza kunawa nilimvutia kiti, nikamwonyesha vitufe vinne vya kwenda na kimoja cha kuongea, nikasimama nyuma yake na daftari mkononi.

Alianza vibaya. Makokha alijigonga kisimani, akarudi nyuma, akajigonga tena. Akajigonga kwa ng'ombe. Akapita mlango wa nyumba ya kwanza kana kwamba haupo. Niliandika: kisima kisogezwe. Niliandika: ng'ombe hafai pale. Niliandika: mlango uwekewe alama. Kisima, ng'ombe na mlango vyote vilikuwa upande wa kushoto, na hilo pia niliandika, nikapiga mstari chini yake, nikiwa nimefurahi kabisa kwamba nimegundua hitilafu katika ramani yangu.

Hatimaye alifika kwa Mama Ayako. Huyu ndiye mama wa kwanza niliyemwandikia maneno, na nampenda kuliko wengine. Anamkaribisha Makokha, anamwambia kwamba aliusikia mvumo wa nyuki alfajiri ukielekea mtoni, halafu kisanduku cha maneno kinafungwa na yeye anageuka kuendelea kukoroga chungu chake.

Senje alisubiri. Makokha naye akasimama tu pale uani.

"Huyu mama mbona ananipea mgongo?"

Nikamwambia maongezi yameisha, abonyeze aende nyumba nyingine.

"Yameisha aje na bado niko kwa boma yake? Hanisindikizi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alimpeleka Makokha nyumba ya pili kwa mzee mmoja, akaongea naye, mzee akageuka vilevile. Nyumba ya tatu, hivyo hivyo. Akatoa mkono kwenye kibodi na kunigeukia kabisa, mwili mzima, kama anayetaka kumkaripia mwanafunzi wake wa kushona.

"Umetengeneza watu hawana adabu. Nimetembea nyumba tatu na nimetoka zote kama mwizi."

Nilijitetea. Nilimweleza kwamba mchezaji ana haraka ya kufika kwingine, kwamba gemu zote duniani ziko hivyo, kwamba kumfanya mtu wa ndani ya kompyuta afuatane na mwingine bila kupitia ukutani ni kazi ya wiki nzima kwa mtu anayejifunza kama mimi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekasirika kidogo. Miezi minane, na mtu wa kwanza kuicheza anaona kasoro ya adabu.

"Lakini maneno yenyewe inatokanga kwa njia," alisema. "Kwa nyumba watu wanaongeanga tu mambo ya mahindi."

Niliandika kwenye daftari: kusindikiza. Na papo hapo hasira ikaniisha, maana niliona alichosema kinavyoweza kuwa gemu. Mama Ayako ndani ya nyumba anakupa habari ya kawaida. Ukiwa na haraka, unaondoka nayo. Ukimpa nafasi ya kukusindikiza, njiani anakwambia ile ya kweli. Nilisisimka hadi nywele. Nilitaka kukaa chini niianze dakika hiyo hiyo.

Ndipo senje akaangalia nje, akaona mawingu, akasema aende kabla mvua haijamkuta.

Mungu anisamehe, nilifurahi.

Nilimbebea mkoba hadi langoni mwa ploti. Nilikuwa nimeshashika komeo, neno la kwaheri liko mdomoni, kichwa changu kiko kwa Mama Ayako na njia yake ya mtoni, nilipojiona nikimpa mgeni mgongo kama watu wa gemu yangu. Niliona haya. Lakini nisijisifu, maana haya siyo iliyonitoa nje. Nilitoka kwa sababu ya gemu. Nilitaka kujua mwenyeji husindikiza mgeni hatua ngapi kabla ya kurudi, ili niweke idadi hiyo kwenye programu. Nilimsindikiza shangazi yangu huku nikihesabu hatua kimoyomoyo.

Hatua arobaini, alikuwa bado kwenye mahindi. Hatua mia moja na kumi, alinipa habari za binamu yangu aliyeanza kufuga sungura. Tulipita kinu cha kusagia, tukapita kibanda cha muuza miwa. Kwenye mia mbili na kitu aliacha kuongea kabisa na nikadhani basi, hapa ndipo mtu hurudi.

Baiskeli ilikuja na magunia mawili ya makaa, upande wake wa kushoto, mchana kweupe, kengele ikilia. Senje alikuwa akiingia mbele yake. Nilimvuta kwa mkono wa gauni na mwenye baiskeli akapita akitutukana.

Hakuiona. Kengele aliisikia, aliniambia baadaye, ila hakujua inatoka wapi.

Tulikaa kwenye ukingo wa karavati, pale mtaro unapopita chini ya barabara.  Alifungua mkoba, akafunga, akaufungua tena.

"Jicho hii ya kushoto imefunga pazia," alisema. "Tangu kabla tupande mahindi."

Kisha yakatoka yote, taratibu, macho yake yakiwa barabarani. Kwanza ilikuwa kama ukungu pembeni. Sasa ni giza upande mzima, na jicho la kulia limeanza kuchoka ikifika saa nane. Mwezi uliopita alikata kitambaa cha majoho ya kwaya na mikono ya kushoto yote ikatoka mifupi. Alifumua na kukata upya akiwa amejifungia dukani siku nzima, na kuwaambia wasichana wake wawili anaowafundisha kazi kwamba kuna msiba. Cherehani vidole vyake vinaijua, hata gizani angeitia uzi. Shida ni sindano za mkono, za pindo na vifungo. Tundu la sindano hawezi kuliona tena.

Akatoa mkobani kipande cha flana. Kilikuwa kimechomekwa sindano kumi na mbili, na kando yake vibiringo viwili vya uzi, mweupe na wa bluu ya sare.

"Nilikuwa nataka unitilie uzi. Wale wasichana nikiwaambia, watajua."

Safari nzima ile kutoka Ekero. Mahindi na ndizi vilikuwa vya kufunika tu.

Nilitia uzi sindano kumi na mbili nikiwa nimekaa kwenye karavati, watu wakipita. Sita nyeupe, sita bluu. Sindano ya tatu ilinichoma. Alinielekeza nikate uzi urefu wa mkono, nisizidishe, maana uzi mrefu hujifunga vifundo. Kila niliyomaliza aliipokea kwa kuipapasa, akaichomeka kwenye flana na kuuzungusha uzi vizuri. Aliniita omwana wanje, mwanangu, neno ambalo sijalisikia kwake tangu nilipokuwa mdogo nikiumwa malaria.

Niliogopa. Naandika wazi, niliogopa sana. Namjua senje kama mtu anayeona. Ndiye aliyekuwa akigundua kifungo changu kimelegea nikiwa bado barabarani. Nilimuuliza kwa nini hajaenda kuangaliwa macho, akasema anajua watakachomwambia, kwamba aache kushona. Akiacha kushona atakuwa nani pale Ekero?  Nilimwambia tu kwamba Jumatatu sitakwenda kazini, nitakwenda Ekero kumchukua, twende kwa daktari wa macho pamoja.

"Utaingia na mimi mpaka ndani?"

Nikamwambia mpaka ndani, mpaka kwenye kile kiti cha kupimiwa macho.

 Akasema sawa, lakini nije mapema kabla wasichana hawajafungua duka. Kisha akaniuliza, kwa sauti yake ya kawaida kabisa, kama yule ng'ombe wangu ana maziwa au ni pambo tu. Tulicheka wote wawili, mimi nikifuta pua kwa shati. Gari la Ekero lilikuja, akapanda, na mvua ikanikuta njiani nikirudi.

Kwenye daftari langu sasa yapo yale matatu niliyoyaandika nyuma ya mgongo wake: kisima, ng'ombe, mlango.  Kisima changu hakina kosa lolote. Mtu aliyekuwa mbele yangu alikuwa akinionyesha jicho lake kwa njia iliyo wazi kuliko mdomo, na mimi nilikuwa nasahihisha ramani. Hesabu ya hatua nayo ilinipotea pale kwenye baiskeli, na sina idadi ya kumpa Mama Ayako. Pengine atakuwa anakwenda tu hadi alichonacho moyoni kitoke. Sijui hilo linaandikwaje kwenye programu. Nitajifunza, lakini baada ya Jumatatu.

Nimewasha kompyuta na kuizima.

Kuna jambo moja ambalo sikuthubutu kumuuliza pale kwenye karavati. Senje alikuja kwangu pia mwezi wa nne, tukala, tukaongea habari za kupalilia, nikamuaga langoni nikakimbilia kompyuta. Akaja tena mwezi wa sita, nikafanya vilevile.

Je, siku zile mbili alirudi Ekero na sindano zake bila uzi?