Matanga Bila Maiti

Mpendwa dada Mueni,

Mtoto wangu Winfred ametumbukiza simu yangu kwa uji sasa hivi, kisha akaniangalia kama mtu amemaliza kazi nzuri. Ndiyo maana nakuandikia; Levi atakuletea hii akienda Athi River kesho. Natumaini wewe na watoto mko salama. Sisi huku Kathiani tuko wazima, na Mama ni mzima. Soma hapo tena. Mama ni mzima.

Unakumbuka wale watu wa televisheni walimpiga Mama picha akisuka vyondo, vile vikapu vyetu vya katani. Kipindi chao kimeshinda tuzo huko ng'ambo, ile ya vipindi vya sanaa vya dunia nzima. Mutiso wa duka alituonyesha kwa simu. Mama anasuka, anaimba, halafu mwisho unaona kigoda kitupu na kiondo nusu, na sauti inasema huyo alikuwa msusi wa mwisho, ameenda na ufundi wake. Dada, kigoda kilikuwa kitupu kwa sababu Mama alienda kufukuza mbuzi kwa maharagwe.

Jumamosi watu wetu wa Matuu walioona kipindi hicho wakafika na sukari na unga, tayari kukaa matanga. Mama ndiye aliwafungulia. Mjomba Makau alikaa chini hapo hapo kwa mchanga.

Tangu siku hiyo Mama hagusi katani. Anasema mtu akishaliliwa akiwa hai, akimaliza kazi anajimaliza. Hiyo ndiyo inanichoma. Walimzika kwa picha, na mikono yake ikaamini.

Nilimpigia Ann, yule msichana wa watu wa televisheni. Hata pole hakusema. Alinieleza polepole, kama anafundisha mtoto, eti majaji walilia na huo mwisho ndio uliwapa ushindi. Nikamwambia kama ni machozi wanatafuta, aje nimpe kitunguu.

Jana akapiga tena. Leo wanasherehekea tuzo Machakos mjini, na wanataka niongee kidogo kama binti aliyefiwa, nikivaa nyeusi.

Dada, nilikubali. Nilimjibu kwa upole mpaka akanishukuru. Sijamwambia nakuja na nani. Mama mwenyewe nilimwambia leo asubuhi. Akaulizia ile nguo yake nyekundu ya kanisa, na akasema katani iloweshwe, ataihitaji akirudi.

Nisalimie watoto, na shemeji umwambie asiamini kila kitu cha televisheni. Nitakuandikia vile Ann alifanya uso wake. Ngoja, Mama ananiita, pikipiki imefika, anauliza kama marehemu hukaa katikati ama