Uvundo wa Gitaa la Baba

Makwale, Kyela.
5 Julai 1992

Mpendwa mdogo wangu Lazaro,

Ugonile. Barua hii ataivusha Doreen wa mitumba pale mpakani Kasumulu pamoja na mizigo yake, nami naomba ikukute mzima huko Lilongwe, wewe na mkeo Nancy na mtoto wenu Patrick. Je, Patrick amepona surua? Uliandika kwamba anaumwa, kisha hukusema tena lolote, na huku tumebaki na mawazo. Sisi tupo. Baba anakula, analala, na kifua chake alichotoka nacho kwenye migodi ya Joni, kule Afrika Kusini, kinamsumbua vilevile. Mimi nimechoka tu, Lazaro. Mpunga tumemaliza kuvuna wiki iliyopita, kakao inaiva haitungojei, na mgongo wangu ni uleule mmoja.

Barua yako ya mwezi wa tano niliipata. Uliniuliza inakuwaje mtu mzima ashindwe kutoa harufu kwenye gitaa muda wote huo, na wewe unakuja Desemba na redio kaseti kumrekodi Baba akipiga, ili Patrick awe na sauti ya babu yake. Nilikasirika, sikufichi. Niliiweka chini ya godoro nisije nikakujibu vibaya. Sasa hasira zimeisha, nakueleza yote tangu mwanzo.

Gitaa ulilolinunua lilikuwa limekwisha kutumika, hilo tulijua. Lakini lilikaa kwa Doreen tangu Februari chini ya marobota ya mitumba, maana mvua ilikuwa imefunga njia ya kuja huku. Aprili nilipofungua kasha, uvundo ulijaa nyumba nzima. Ile bitana nyekundu ya ndani ilikuwa imeota kuvu, mkanda wa ngozi umekuwa mweupe, nyuzi zimeshika kutu. Baba alilipakata, akainamia lile tundu, akashikwa na kikohozi mpaka nikamwita Angetile jirani tusaidiane kumlaza. Siku ile lilinuka kweli.

Nami kwa akili zangu nikafanya ninachokijua. Nililianika juani kwenye mkeka, kando ya kakao iliyotoka kuvundikwa. Jioni likawa na harufu mbili, ya ukungu na ya uchachu wa kakao, na ubao wa nyuma umeanza kuachia gundi pembeni. Angetile, ambaye ni seremala na ndiye anayepigia kwaya gitaa kanisani, alinisema mbele ya watu. Kumbe gitaa halianikwi juani, linawekwa kivulini penye upepo.

Basi nikafuata maneno yake. Tulitoa nyuzi zote. Nikalifuta kwa kitambaa chenye siki kidogo, nimekikamua mpaka hakitoi tone, na papo hapo nikalikausha kwa kingine. Tukamimina mchele mkavu ndani ya tundu, tukalitikisa, tukaumwaga. Mchele wetu huu unaonukia ulitoka na vumbi na mavi ya panya, hata kuku waliudonoa kwa mashaka. Halafu nikajaza mkaa kwenye soksi, nikauning'iniza ndani ya tundu, nikawa naubadilisha kila Jumamosi. Kasha nililibandua bitana yote, nikasugua mbao kwa majivu, nikaliacha wazi siku nyingi, na mwishoni nikatandaza majani makavu ya chai. Mkanda wa ngozi ulinishinda, nikautupa. Angetile aligundisha ule ubao, akafunga nyuzi mpya ulizotuma.

Mwisho wa Mei sikusikia harufu tena. Angetile aliingiza pua ndani ya tundu akasema hamna kitu. Nikampelekea Baba. Alilinusa kwa muda mrefu, akasema bado, mwanangu, bado linanikaba. Nikarudia siki, nikarudia mkaa. Jumapili iliyofuata akasema bado. Na iliyofuata vilevile. Ndicho kipindi barua yako ya ukali ilipofika, kwa hiyo utaelewa nilivyojisikia. Nilidhani pua yangu imekufa kwa kuzoea.

Wiki mbili zilizopita nilishona mkanda mpya kwa kitambaa nilichokinunua dukani siku ileile. Haukuwa umegusa gitaa wala kasha. Nilimpa Baba aupime begani. Akaunusa, akanirudishia, akasema na huu nao umeshika uvundo.

Nilitoka uani nikasimama tu. Tangu hapo nikaanza kumtazama vizuri, jambo ambalo nilipaswa kulifanya mapema badala ya kuhangaika na soksi za mkaa. Kikombe anakishika kwa mikono miwili. Ndizi anaimenya kwa meno. Juzi nilirudi shambani mapema kuliko alivyotarajia, nikamkuta amelipakata gitaa. Alikuwa anachukua vidole vya mkono wa kushoto kimoja kimoja kwa mkono wa kulia, anaviweka juu ya nyuzi mahali pake. Akiviachia vinateleza. Akaviweka tena, vikateleza tena. Nilirudi nyuma, nikaanza kukohoa nikiwa bado mbali ili ajue nakuja. Nilipoingia gitaa lilikuwa kwenye kasha, naye akaniambia nilitoe nje, linanuka.

Nililia, Lazaro. Anakuonea aibu wewe uliyelitafuta gitaa hilo ukalituma kutoka mbali. Anaona heri useme gitaa ni bovu kuliko useme baba ameisha.

Sasa sikia ninachokuomba. Mwandikie barua yake mwenyewe, tofauti na ya kwangu. Mwombe radhi kwamba ulinunua gitaa lililoloa. Mwambie mbao zikishaloa zinachukua mwaka, hata miwili, asijilazimishe, aendelee kulipa hewa tu. Barua hiyo nitamsomea mimi, macho yake hayaoni tena maandishi. Hii ya kwangu ukimaliza kuisoma ichome. Desemba njoo na redio kaseti yako, lakini usimwambie apige. Asubuhi tukiliweka gitaa pale kivulini anakaa kando yake, na mara nyingine anaimba taratibu ule wimbo aliokuwa anatupigia tukiwa wadogo. Akianza, washa.

Mimi najua umekuwa ukihesabu miezi kwa ajili ya gitaa hilo, na inaniuma kukuambia hutalisikia. Hata mimi nilikuwa nalisubiri.

Msalimie sana Nancy, mwambie ndaga fijo kwa kitenge, kimenikaa vizuri. Mbusu Patrick kwa niaba ya babu yake. Dada yetu Kisa anawasalimu, na Angetile pia, ambaye hadi leo anadhani Baba ana pua ya ajabu, nami nimemwacha adhani hivyo. Mungu awafunike nyote, awape afya na riziki, na atufikishe Desemba Baba akiwa bado anakaa pale kivulini.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata unaponigombeza,
Keziya

Naishia hapa. Umande umekauka, na Baba ananiita nilitoe gitaa nje, linanuka. Ngoja nilitoe.